Baiskeli ya chuma ya mzee wangu nimeikuta imefungwa kwenye geti la hoteli Kendwa

Assalaam alaykum wakuu. Haya nimeyaona kwa macho yangu, na hasira bado sijaimeza, kwa hiyo lugha ikipinda mnisamehe.

Mzee wangu alikuwa na baiskeli ya mbio ya zamani, chuma kitupu. Alifanya kazi bandarini Malindi, hapa hapa mjini Unguja, na kila Alhamisi jioni aliipanda mpaka kwao Makunduchi. Magoti yalipomshinda akanipa mimi kwa sharti moja: isikae tu.

Tupo wachache hapa Unguja tunaoendesha safari ndefu. Si mashindano. Unatoka Malindi baada ya sala ya alfajiri, unapita Kendwa, unashuka Makunduchi, unarudi mjini. Kilomita mia mbili na kitu, kwa muda maalumu, na kila kituo unagongewa muhuri kwenye kadi.

(Mnaosema chuma kizito, kaeni juu ya aluminiamu kwa muda wa saa kumi iwatikise mifupa, halafu mje tuongee.)

Safari hii kituo cha Makunduchi tulimpa mzee, yeye ndiye wa kugonga muhuri. Wiki nzima akawa anawaambia majirani baiskeli yake inarudi nyumbani.

Sasa, nyumba yangu Ng'ambo ilikuwa inaezekwa upya, baiskeli nikaiweka kwa binamu yangu Haji, mfanyakazi wa hoteli Kendwa. Nilipoitaka akasema ipo kwa fundi, inapakwa rangi. Siku ikafika, nikaazima ya aluminiamu.

Nafika Kendwa, hiyo hapo kwenye geti la hoteli ya kina Haji. Nyeupe pee, kikapu cha maua kwenye usukani, wageni wanapiga picha. Nikainama kuhakikisha. Herufi alizochonga mzee kwa msumari zipo chini ya fremu.

Mabomba yametobolewa, bolti zimepita mpaka kwenye zege. Chuma chembamba kile ukikitoboa hivyo hakibebi tena mtu barabarani.

Haji akatoka. Kumbe alimzawadia meneja wake. Haya hana.

"Kwani si ilikuwa imekaa tu? Hapa angalau yaonekana."

Wallahi nilitaka kumpiga. Nikagongewa muhuri nikaondoka, nakanyaga kwa ghadhabu, njia yote ya mashariki siikumbuki.

Makunduchi mzee yupo barazani, kanzu safi, muhuri mkononi. Nikamwamkia, akaitikia macho yakiwa kwenye baiskeli.

"Yangu i wapi?"

"Ipo kwa fundi, baba. Inapakwa rangi."

Uongo wa Haji, neno kwa neno, unatoka mdomoni mwangu.

Akanigongea kadi. "Mwambie asiibadilishe rangi yake."

Nilimaliza ndani ya muda. Kadi ipo kabatini, sitaki kuiona.

Haji nitamchukia mpaka nichoke. Lakini miezi mitano ilikaa kwake na sikwenda kuitazama hata mara moja. Ilikuwa imekaa tu, na aliyeikalisha ni mimi. Cha mzazi ukipewa, kitumie.

Mzee anapiga simu kila Alhamisi kuuliza kama fundi kamaliza. Kesho ni Alhamisi. Ingekuwa wewe, ungemwambia nini?