Ukurasa wa Kelele

Mwaka niliomaliza shule ya ualimu ya misheni nilirudi kwetu, mji wa Baraka, na daftari la Kiingereza. Ukurasa mmoja ulinisumbua kuliko yote, ule wa maneno ya kelele na madai. Din ni kelele nzito isiyokatika. Uproar ni ya watu waliokasirika. Clamour ni ya wengi wanaodai kitu kimoja. Niliyakariri yote kumi nikipima uzito wa kila moja.

Kisha akaja mkubwa wa misheni kutoka ng'ambo, asiyejua Kiswahili wala Kifaransa, kumchukua mkunga wetu ampeleke Uvira. Dada yangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto wake wa kwanza alifia tumboni, kabla mkunga huyo hajaletwa kwetu.

Asubuhi ya safari akina mama walikuja na mabeseni matupu na michi ya kutwangia, wakayapiga mbele ya gari, kama wafanyavyo kwetu wanapokataa jambo. Shangazi akanivuta mkono.

"We uko na Kingereza. Umuambie: muganga wetu wa kuzalisha haendi!"

Mgeni akaniuliza wanasema nini. Alikuwa anatabasamu.

Nikafikiri. Nikisema wanadai, demand, atatuona wakaidi, na mimi nitafukuzwa kazi ya ualimu ya misheni kabla sijaianza. Nikisema wanaomba, ask, ni uongo. Nani anaomba kwa beseni? Insist, kushikilia, nilifundishwa kwa mfano wa mtoto mbishi.

"Sema basi!" mama mmoja akaniambia. "Ao Kingereza ilibakia ku masomo?"

Wenzake wakacheka, wakazidi kupiga.

Kicheko kile ndicho kilichotumaliza. Mgeni alidhani anaagwa kwa furaha. Akavua kofia, akawapungia, akapanda. Mkunga alikaa kiti cha nyuma, kichwa ameinamisha. Mdomo wangu ulipofunguka, vumbi lilikuwa limeshashika njia ya Nundu. Shangazi aliuachia mkono wangu.

Majuma matatu baadaye dada alishikwa na uchungu. Wanaume walimbeba kwa machela kuelekea hospitali ya Nundu, nami nikiwa mmoja wao. Hatukufika. Tuligeuka njiani, tukarudi naye amefunikwa.

Akina mama walitusikia tukija, wakaanza kulia. Nilisimama pale, mti wa machela bado uko begani, na kichwani, bila kutaka, nilikuwa naupitia ule ukurasa kutoka juu, nikitafuta neno la kilio kile.