Jambia Lililosuguliwa kwa Majivu

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Egide huchomeka sindano ya magunia kwenye makaa ya jiko na kuiacha hapo ipate moto. Ndiyo kazi yake kwenye duka la Zefania, Kawajense. Mtu akileta jambia la Kiarabu, Egide anagusisha ile ncha kwenye mpini, mahali pasipoonekana, kisha ananusa. Pembe hunuka nywele zilizoungua. Plastiki inajisema yenyewe.

Zefania hununua vitu vya kale na kuwauzia watu wa Dar. Mwenye kitu akiwa amesimama pale, huuliza kwa sauti, "Fundi, cha kale hiki?" Zefania akikuna sikio, Egide anatakiwa ajibu, "Cha juzi tu, bosi." Miaka minne amejibu hivyo, na kitu hununuliwa kwa bei ya chuma chakavu.

Siku hiyo alikuja Mama Specioza wa Ilembo, jambia kalifunga kwenye kanga. Lilikuwa la babu wa marehemu mumewe, aliyebeba mizigo ya Waarabu kutoka Karema hadi Tabora. Akafungua kanga kwa fahari. Jambia liling'aa kama sufuria ya harusi.

"Nimelisugua siku mbili, mwanangu! Majivu, mchanga, stiliwaya. Ningeletaje kitu kichafu mbele za watu?"

Egide alitamani kulia. Ule weusi wa miaka mia, ambao ndio ushahidi wenyewe, mama kaumwaga pamoja na maji ya vyombo.

Zefania alicheka mpaka akashika meza. "Mama, hili limetoka kiwandani jana! Nitalichukua kama chuma chakavu, basi tu nakuonea huruma." Akakuna sikio. "Eti fundi?"

Mama alimtazama Egide vile mtu anavyomtazama daktari.

Egide akachukua sindano, akagusa mpini, akanusa. Akalegeza pete ya fedha iliyobana mpini, akachungulia chini yake.

"La kale," akasema.

"Unasemaje?"

"La kale, bosi. Pembe ya nyati hii, nusa mwenyewe. Ribiti hizi zinazoshikiza mpini zimegongwa kwa mkono, hakuna mbili zinazofanana. Na hapa chini ya pete majivu hayakufika. Ona weusi wake. Huu haupakwi."

"Nani kakuuliza habari za ribiti? Nyie watu wa kambini mkishashiba ugali mnaota midomo! Nimekuokota huna hata kandambili!"

Egide alizaliwa hapahapa nchini, kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, na kitambulisho cha taifa anacho mfukoni. Lakini siyo tusi lililomchemsha. Alimkumbuka mzee mmoja wa Kibaoni, na binti mmoja aliyeondoka dukani analia. Majambia yao yote yalikuwa ya kale, na aliyeyaita ya juzi ni yeye, kwa mdomo wake huu.

"Mama, huyu akikuna sikio, mimi nadanganya," akasema. "Ndiyo biashara yetu hapa. Yeye na sikio lake, mimi na mdomo wangu. Wezi wawili."

"Toka dukani kwangu!"

"Natoka."

Akalifunga jambia kwenye kanga, akamkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili. "Usilisugue tena, mama. Hata kitambaa usipitishe."

Akaruka kizingiti.

"Utarudi kabla chai haijapoa!" Zefania alipiga kelele. "Utaenda wapi wewe?"

Egide hakugeuka. Koti aliloliacha lilining'inia kwenye msumari wiki tatu nzima, mpaka Zefania akalichana vipande vya kufutia mafuta.