Masi Moja

Baba alikuwa na sababu moja ya kutopiga gitaa, na aliitunza kuliko gitaa lenyewe. Tangu tulipokuwa kambi ya wakimbizi Tanzania, mtu akimwomba apige, jibu lake lilikuwa lile lile: "Kifaa hakipo." Kifaa ni amplifaya ya lampe waliyoitumia yeye na rafiki yake ujanani, kabla baba hajakimbia vita. Kambini alisema hivyo nikiwa mtoto. Tuliporudi kijijini kwetu Makebuko alisema hivyo akiwa na jembe mkononi, na nilipopata chumba Gitega mjini, mtaa wa Yoba, alikuja kukaa nami akaendelea kusema hivyo. Sikuwahi kumsikia baba yangu akipiga gitaa. Nilitaka kumsikia kabla mmoja wetu hajafa, na kwa jinsi nilivyokuwa nikishika nyaya siku hizo, hapakuwa na uhakika angetangulia nani.

Rafiki mwenyewe alikuwa hai. Alikuwa fundi redio Muyinga, Mwislamu wa mjini, mtu ambaye hakukimbilia popote. Nilipompigia simu alisema sanduku la amplifaya lililiwa na mchwa, lakini transfoma na lampe anazo, amezifunga ndani ya kanzu kuukuu. Angenitumia kwa basi.

"Mi macho imechoka," alisema. "We utajenga, mi nitasema."

Nilijifunza redio kambini, hizi za transista, kwa hiyo nilijua mengi ambayo hayakuhusika. Lampe ni chupa ya kioo yenye uzi unaowaka ndani. Gitaa linanong'ona, lampe ya kwanza inaugeuza mnong'ono kuwa maneno, lampe kubwa inayageuza maneno kuwa ugomvi, na transfoma inaupeleka ugomvi kwenye spika. Katikati kuna kondensa, zinazopitisha sauti na kuzuia umeme mkali. Kondensa hizo hubaki na umeme hata ukishachomoa waya ukutani. Hilo fundi alinieleza baadaye kidogo. Baba alinikuta nimekaa sakafuni upande wa pili wa chumba, akaniuliza kama nimemaliza.

Nilipoiwasha mara ya kwanza, ilinguruma. Gitaa halijachomekwa, hakuna aliyegusa kitu, na spika inanguruma kama mashine ya kusaga. Nikampigia fundi.

"Ile nyaya ya kurudisha, yote, peleka kwa masi," alisema. "Masi moja tu. Unasikia? Moja."

Simu ilikuwa inakatika-katika. Sasa, mimi Kirundi changu ni cha kambini. Sokoni wananijua kabla sijamaliza salamu, na mwaka ule nilikuwa nimechoka kuchekwa, nikaamua kwamba kila neno nisilolijua ni Kirundi na lazima nilielewe palepale. Masi. Nikakumbuka amazi, yaani maji. Mambo yakanyooka. Hata kambini, kiangazi, tulikuwa tunamwagia maji chuma cha ethi ili ishike vizuri ardhini. Mzee wa watu anasema peleka kwenye maji. Sikuona sababu ya kumsumbua tena.

Nikachimbia nondo karibu na bomba la uani, nikavuta waya kutoka kwenye bati nililofungia vifaa vya amplifaya mpaka pale, nikaanza kumwagilia asubuhi na jioni. Na kwa kuwa alisisitiza moja, sikuchanganya. Maji ya bomba tu, ya mvua hapana. Mvua ikinyesha nilifunika ile nondo kwa beseni.

Jirani yangu, mama mmoja mpole, alivumilia wiki nzima kisha akauliza nimepanda nini. Nikamwambia ni ya amplifaya. Akauliza itazaa lini.

Ngurumo haikupungua. Baba aliisikiliza, akatikisa kichwa, akasema hawezi kupiga juu ya kelele ile. Akarudisha gitaa kwenye gunia lake taratibu, na usoni hakuwa na huzuni hata kidogo. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Badala yake nikakata tiketi za Muyinga, mbili.

Baba na fundi walikuwa hawajaonana tangu baba akimbie. Fundi alitoka mlangoni akiwa na miwani mbili, moja machoni, nyingine juu ya kofia. Akazibadilisha, akamtazama baba.

"We ulikwenda na waya yangu ya gitaa," akasema.

"Ilikatika Tanzania," baba akajibu.

Wakaingia ndani wakiwa wameshikana mikono, na hawakuachiana hata walipokaa. Nikasema naenda kunawa.

Fundi aliigeuza amplifaya chini juu, akaona waya mrefu unaoning'inia, akauliza ni wa nini. Nikamweleza. Nondo, bomba, beseni. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Masse," akasema polepole. "Ni Kifaransa, quoi. Hii." Akagonga bati la chini, lile ambalo mimi ningeliita ethi. "We umerudisha nyaya kila moja mahali pake, hapa, hapa, na hapa. Zinagombana. Yote ikutane kwa bulooni moja."

Akanishikisha chuma cha kulehemu, nikazibandua nyaya kule nilikozilehemu, nikazibana zote kwa nati kwenye bulooni moja, yaani bolti ya bati. Tukawasha. Lampe zikawaka, spika ikanyamaza.

"Imekufa?" baba akauliza, na sauti yake ilikuwa na matumaini.

"Iko inawaka," fundi akasema. "Piga."

Baba akapiga. Sauti ilikuwa safi mno. Ulisikia kidole kinachochelewa, kidole kisichofika, na mahali ambapo miaka ya jembe imefunga kiungo kikakataa kukunjuka. Akaanza upya. Akaanza tena upya. Kisha akaweka viganja juu ya gitaa, akavitazama.

"Kifaa kipo," akasema.

Nilikuwa nimejenga kwa mikono yangu kitu cha kumvua baba yangu nguo mbele ya rafiki yake, na nilijichukia.

Fundi akazima. Alisubiri kondensa zimalize umeme wake, akalegeza nati, akachomoa waya mmoja kwenye bulooni na kuubana kule pembeni nilikokuwa nimeuweka mwanzo. Akawasha. Ngurumo ikajaa chumba.

"Bon," akamwambia baba. "Sasa piga. Hakuna mtu anasikia."

Baba akapiga mpaka adhana ya alasiri. Nilikuwa nimekaa karibu na spika, na nilisikia yote.