Asubuhi za Mazuku, Keshero

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti kisicho na mgongo na dirisha linalotazama ziwa. Ofisi yetu ya hewa ilikuwa mtaa wa Himbi, katika nyumba yenye maua mlangoni. Asubuhi ukungu wa ziwa Kivu uliingia hadi mezani, mpaka nikashindwa kujua kama nimeanza kazi au bado naota. Vijana wengi hawaamini kwamba hewa nayo iliwahi kuwa na ofisi. Aliyetaka kuchoma matofali, kuwasha tanuri la mkate, kusimamisha mashine ya kusaga au kujenga penye shimo, alikuja kwetu kuomba ruhusa.

Mkuu wangu wa kwanza, Shefu wa Biro, yaani wa ofisi, alikuwa mtu wa suti ya kijivu na manukato mazuri. Alinionyesha makabati yaliyojaa mafaili ya waombaji, ambayo sisi tuliyaita dosie.

“Mama, hapa dosie njo inatembea. Siye tunaikala.”

Nilidhani anatania aliposema dosie ndiyo hutembea na sisi tunakaa, kumbe wapi! Dosie ilianzia kwa sekretari, ikaenda kwa mtu wa sheria, ikarudi kwa sekretari, ikapanda kwa Shefu, ikasubiri kashe, yaani muhuri. Mwisho kabisa ndipo mkaguzi kama mimi alipotumwa kuona mahali penyewe. Wakati huo mwombaji ameshaambiwa “njoo kesho” hadi soli za viatu zimekwisha.

Niwaeleze mazuku wale waliozaliwa mbali. Chini ya mawe yetu meusi ya volkano, ardhi hutoa hewa mbaya isiyo na harufu wala rangi, nzito kuliko hii tunayovuta. Hushuka mabondeni na kutulia huko kama maji ndani ya beseni. Jua likipanda na upepo wa ziwa ukianza, hutawanyika. Usiku hurudi, na alfajiri ndiyo huwa imejaa. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita asijue kitu, lakini mbuzi na mtoto aliyelala mkekani hawaamki.

Sasa sikilizeni ujinga wetu. Wakaguzi tulitoka baada ya chai, gari likipata mafuta, tukafika mtaa wa Keshero adhuhuri. Tulipima, tukaona hewa safi, tukaandika kwamba hewa ni safi. Hatukuwa waongo. Tulikuwa kama mtu anayemtafuta mlinzi wa usiku mchana, kisha anatangaza kwamba mtaa hauna mlinzi. Na hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa saa za kazi ndizo zilikuwa hizo.

Kisha vita vikaja, na watu wa milima ya Masisi wakashuka na magodoro vichwani. Keshero kulikuwa na mashimo matupu ambayo wenyeji waliyaogopa. Wageni waliyaona wakadhani Mungu amewawekea. Mmoja wao alikuwa Mama Vumilia, mjane, fundi wa mkate. Alikuwa amepewa shimo moja bure, akaomba ruhusa ya kujenga tanuri huko chini, na chumba ubavuni ili wanawe walale penye joto. Dosie yake ilikuwa imezunguka meza zote. Nilitumwa adhuhuri kama kawaida, nikapima, nikakuta hewa safi. Lakini kwenye majani ya chini kabisa niliona ndege wadogo wamelala chali. Nikarudi mbio kwa Shefu.

“Shefu, niache niende asubuhi sana, mbele jua itoke.”

“Mama, Leta inafungua saa mbili.” Leta ndiyo serikali. “Unataka Leta ipige miayo?”

“Mazuku haijue saa ya Leta, Shefu.”

Alicheka kidogo, kisha akakunja uso. “Huyu mama amengoja sana. Nikikatala, atalala wapi na batoto? Nikisinya karatasi yake, iko na fasi ya kulala. Sasa uniambie, kati yetu nani iko mubaya?”

Swali lake lilikuwa la haki, na liliniuma. Hatimaye akaweka kalamu chini. “Enda. Lakini ukikuta kitu, weye mwenyewe utamwambia. Miye siwezi.”

Alfajiri tulikwenda pamoja, mimi na Mama Vumilia, mwanawe mdogo akiwa mgongoni. Volkano ilikuwa nyekundu chini ya mawingu, ziwa limenyamaza, na mji mzima ulikuwa kama kitu ambacho bado hakijaamua kuwapo. Nilizipenda asubuhi zile, hata nilipoogopa. Tulisimama ukingoni. Nilifunga kitambaa chenye mafuta ya taa kwenye ncha ya fito ndefu, nikakiwasha, nikakishusha taratibu. Katikati ya shimo moto ulisinzia. Chini zaidi ukazimika, bila upepo wowote.

“Kitambaa yako iko mubovu,” akasema Mama Vumilia.

“Shika mwenyewe, mama.”

Akashika, akawasha, akashusha. Ukazimika tena. Akanipigia kelele mpaka mtoto akaamka.

“Miye nilikimbia masasi ya bunduki! Sasa unaniambia nikimbie na hewa? Niende wapi, mama wa biro? Sema!”

Nililia mbele yake, sioni haya kulitaja. Tulifundishwa kupima hewa, hatukufundishwa mtu aende wapi tukishapima.

Yeye ndiye aliyetulia kwanza. Akautazama ule moshi mwembamba wa kitambaa. “Tanuri nawashaka kila siku saa hii hii,” akasema polepole. “Moto haitakubali huku. Na kama moto haikubali, mutoto atakubali namna gani?”

Tukapanda kwa jirani wa juu, karani mmoja mwenye asili ya upande wa Bukavu, ambaye kiwanja chake kilijaa mawe. Alitoka na mswaki mdomoni, akatusikiliza, akatema povu. “Mukitosha mawe, mukiitupa kando, fasi itapatikana. Lakini mukate wa kwanza ni wangu.” Siku hiyo sikufika kazini. Nilibeba mawe pamoja nao hadi mikono ikachubuka.

Shefu alikuja mwenyewe alfajiri nyingine, na suti yake, viatu vimelowa umande. Alishusha fito, akatazama moto unavyokufa, akakaa juu ya jiwe muda mrefu. Alitia sahihi ruhusa ya kujenga pale juu, kwa karani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sisi tulipona. Tuligeuza utaratibu wote. Kwanza kwenda mahali alfajiri, pamoja na mwombaji na jirani yake. Kisha meza moja tu, na jibu wiki ileile. Mtu wa sheria alinuna akauliza yeye atafanya nini sasa. Mimi nilidai jambo moja zaidi, na Shefu akalikubali: mkaguzi haruhusiwi kumkatalia mtu kabla ya kumtafutia mahali pengine pa kusimama.

Baadaye nilihamishiwa mji mdogo wa Kiwanja, kwenye vumbi la mashine za mahindi na moshi wa pikipiki, chini ya Shefu wa Divisheni aliyependa kusema “tutaona” na asione. Vita vikanifukuza huko pia. Niliporudi Himbi, ofisi haikuwa na mlango, na dosie zetu zilikuwa zimewashia watu majiko. Nilistaafu hivyohivyo, bila wa kuniaga. Nyinyi mnaokalia viti hivyo leo, nawaomba mjiulize ni hatua gani inatangulia, na nani anangoja nje wakati nyinyi mnatanguliza nyingine.

Juzi wakimbizi wapya walipofika, mwanamke nisiyemjua alibisha mlangoni kwangu wakati wa jioni.

“Mama, njo weye wa biro ya hewa?”

“Biro ilikufa, mwanangu. Sina kashe, sina karatasi.”

“Hatutafutake karatasi, mama. Tulipata fasi kule chini, haina wenyewe. Tunaomba tu ukuje kuiangalia asubuhi.”

Nikamuuliza watoto wako wapi. Akasema wako hukohuko chini, wameshatandika. Nilimwambia akimbie akawalete, walale sebuleni kwangu.