Uzi wa Gengeni

Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema wahenga. Yule mzungu mimi nilimwona kaja ili mwenyeji afe. Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Kagera, na sisi wa Endamarariek bado tulikuwa tunamtazama kila mgeni mara mbili. Huyu alipiga hema kando ya mashamba ya ngano, karibu na genge linaloshukia Bonde la Ufa, akasema anafundisha watu kuruka kutoka gengeni kwa parachuti. Mdogo wangu, dereva wa trekta, akaomba naye afundishwe. Akakubaliwa bure. Bure! Nikajua hapa pana jambo.

Wiki tatu waliruka kutoka juu ya tela wakiangukia marundo ya mabua ya ngano: kifua mbele, macho mbali, marufuku kujirusha kichwa chini. Watu walitoka Karatu kuja kuwacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa mpakiaji wa malori, kazi yangu ilikuwa kamba, na mikono ya yule mzungu sikuiondolea macho. Nilimwuliza mdogo wangu mzungu anatafuta nini kwetu. Akasema nina roho mbaya. Nikaenda kwa balozi wa nyumba kumi, naye akanijibu kwamba kupenda kufa si kosa la chama.

Asubuhi ya kuruka nikapanda nao. Mzungu alikagua mfuko wa parachuti mgongoni mwa mdogo wangu, kisha kamba iliyotoka kwenye mfuko ule akaifunga mwambani. Na alichofungia ni uzi tu. Uzi, jamani, wa kushonea magunia! Ningeukata kwa meno. Damu ikanichemka. Alipokwenda ukingoni kupima upepo, mdogo wangu akimtazama yeye, nilichomoa katani mfukoni, nikaizungusha mara nne juu ya uzi ule, nikakaza fundo letu la kufungia turubai, lile ambalo halikupata kulegea hata kwenye mashimo ya barabara ya Arusha. Nikalifunika kwa nyasi. Nikajiona mwanamume.

Desturi yao ilikuwa mwanafunzi aeleze kwa sauti kitakachotokea kabla hajanyanyua mguu. Na mtu yeyote akisema "bado", kila kitu kinasimama, wala haulizwi kwa nini. Mdogo wangu akasogea mpaka ncha za viatu zikawa hewani.

"Naruka kifua mbele," akasema. "Kamba inavuta parachuti itoke. Uzi unakatika, naachana na mwamba."

Unakatika. Kumbe ulitakiwa kukatika! Usingekatika, angebaki ananing'inia pale, akibamizwa ukutani, na katani yangu isingekatika hata kwa trekta. Mzungu alishaanza kuhesabu.

"Bado!" nikapiga kelele. "Bado! Nimefunga mimi."

Mzungu akafukua nyasi, akaliona fundo. Hakunitukana. Alikaa chini palepale, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mdogo wangu alirudi kutoka ukingoni, akalitazama. Alilijua, maana mimi ndiye niliyemfundisha kulifunga.

"Kaka," akasema, "wiki tatu unamchunga yeye. Wewe nani alikuwa anakuchunga?"

Kesho yake aliruka, akatua salama. Lakini kabla ya kuruka alimwomba mzungu jambo moja tu: mimi nikae kule bondeni, mbali na kamba. Iliniuma sana. Nikashuka.