Vyumba Alivyovikataa Mume Wangu

Mume wangu aliniambia nichague mwenyewe pa kulala. "Chagua wewe," alisema, "usije ukanambia nimekutia kwenye sanduku tena." Tulikuwa Ibra, mji wetu wa ukingoni mwa jangwa, nyumbani kwa mama yake, Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Kazini kwake walikuwa wanampeleka London kwa mafunzo ya wiki moja, na yeye akaomba tuongeze siku nne Glasgow, yeye na mimi na mwanetu wa kiume wa miaka minne. Siku nne za kutembea tu. "Ukaone ulikoishi," alisema.

Mie sikutaka kuona nilikoishi. Nilitaka kuona alikozikwa binti yangu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, yeye akisoma chuo huko, nilizaa Glasgow mtoto wa kike. Nilikuwa na miaka ishirini: nimemaliza sekondari, nimeolewa, nimepandishwa ndege. Nilipasuliwa. Mtoto aliishi siku tisa. Siku ya saba tulimpa jina, siku ya tisa akafariki, na jina lile halijatajwa nyumbani mwetu tangu hapo. Hapa pia silitaji. Wanaume wa msikitini walikuja, wakaondoka na baba yake kwenda kumzika. Mimi nikabaki kitandani na mshono, maziwa yananitoka mpaka shuka zinalowa. Kwetu mwanamke hafuati jeneza. Hata kule, kwenye sanduku letu la ghorofa ya tano ambako hakuna jirani aliyejua kwetu wapi, sikulifuata.

Mara tatu nilimuuliza amezikwa wapi. Mara ya kwanza ilikuwa wiki ileile: "Muombee." Mara ya pili tuko kwenye ndege tunarudi: "Mwachie Mungu." Mara ya tatu ilikuwa baada ya kuzaliwa mwanetu wa kiume, safari hii alitoka nje akakaa ndani ya gari, injini imezimwa, jua lile la Ibra, mpaka shati likamgandia mgongoni. Baada ya hapo sikuuliza tena. Nilinyamaza kwa hasira, na watu wakanisifu kwamba nina subira.

Kunyamaza kwangu hakukumnyamazisha mtoto. Kwenye ghorofa ile palikuwa na chuma cha kupashia joto ukutani, kilikuwa kikigonga kila kilipowaka. Hapa Ibra ni mabomba ya maji. Alasiri watu wote wamelala, maji yanachemka kwenye tangi juu ya paa, bomba linagonga mara tatu, na mimi nimeshasimama nakwenda kumtazama mtoto ambaye hayupo. Hata garini ni hivyohivyo. Tukisimama Bidbid kutia petroli, pale njia ya Ibra inapoachana na ya Nizwa, nageuka kuhesabu watoto kiti cha nyuma. Ninaye mmoja. Namhesabu, halafu natazama tena upande wa pili wa kiti.

Basi nikakaa kwenye kompyuta kutafuta pa kulala. Siku hizo mtandao ulikuwa unapita kwenye waya wa simu. Ukiingia mtandaoni, simu ya nyumba nzima imekufa.

"Wewe mkaza mwanangu!" mama mkwe akapiga kelele kutoka jikoni. "Umeila simu tena? Dada yangu yuko Nizwa anapiga tangu asubuhi, anasikia tuu-tuu tu."

"Namaliza, mama."

"Hiyo ni hoteli unayotafuta au kasri la kuolewa upya?"

Hoteli ya kwanza niliyompelekea mume wangu ilikuwa kaskazini ya mto, karibu na stesheni. "Hiyo nzuri," alisema. "Funga, weka nafasi." Kwa kujaribu tu, nikamletea ya pili, ng'ambo ya kusini, ina bei nafuu na jiko dogo ndani ya chumba. "Hapo pana kelele." Ya tatu ilikuwa kusini vilevile. "Hapo hakuna nyama ya halali." Nikamrudisha kaskazini, nikamwonyesha hoteli ambayo baa iko chini palepale, unapita katikati ya walevi kwenda chumbani kwako. Huyu ni mtu ambaye hata kwenye ndege huomba abadilishiwe kiti akiletewa jirani mwenye chupa ya pombe. Akaitazama, akasema, "Hiyo nayo si mbaya."

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba anachokikimbia kiko kusini ya mto.

Kwenye sanduku lake la vitabu nilikuta ramani ya zamani ya mji ule, imechanika kwenye mikunjo. Nikachukua penseli nyekundu ya mtoto. Kila alipopakataa nikapatia alama, na kila siku nikamletea pengine, mara mashariki kidogo, mara chini zaidi. Nikawa nambonyeza kama daktari anavyobonyeza tumbo: hapa panauma? Na hapa je? Hakujua. Kila aliporudi kutoka kazini Mudhaibi, kabla hajavua kofia, nilikuwa nimeshamwekea karatasi mbele yake.

"Huku nako?"

"Huko mbali."

"Ulishafika?"

"Mimi ng'ambo ile sikuwahi kufika. Miaka miwili nimekaa chuoni na msikitini tu."

Kadiri nilivyoshuka kusini, ndivyo alivyokataa upesi. Mwisho akawa hasomi hata bei. Alama nyekundu zikakusanyika mahali pamoja kwenye ramani, na katikati yake pakabaki peupe, padogo kama kiganja cha mtoto.

Nikatafuta nyumba ya wageni iliyo jirani na peupe pale. Nikaipata: vyumba viwili, maua mbele, chai ya asubuhi inapikwa na mwenye nyumba mwenyewe. Nikaichapisha pamoja na picha. Nikampelekea Alhamisi alasiri, mama yake amekaa pale mkekani anachambua mchele.

"Hii imenipendeza," nikasema.

Aliitazama anwani, na uso ukambadilika rangi. "Hapo hapafai na mtoto," alisema haraka. "Basi linakuacha chini, unapanda kilima chote kwa miguu, na mvua ikinyesha njia nzima ni matope mpaka getini."

"Geti gani?"

Akairudisha karatasi mkekani.

"Picha hii hapa. Nyumba haina geti. Geti gani hilo unaloniambia?"

Mama mkwe aliacha kuchambua, mkono umebaki juu ya sinia.

"Ulikuwa unakwenda," nikamwambia.

"Basi, mama watoto."

"Siku gani?"

Alijibu akitazama zulia. "Ijumaa."

"Ijumaa ulikuwa unaniambia uko maktaba."

"Nilikuwa nakwenda maktaba. Baada ya hapo."

Sijui nilikuwa nategemea nini. Labda nilifikiri amemsahau, na nilikuwa nimeshajitayarisha kumchukia kwa kusahau. Hili sikuwa na mahali pa kuliweka. Mwaka mzima uliobaki wa masomo yake, kila Ijumaa yeye alikuwa na mtoto wetu. Mimi nilikuwa na kile chuma kinachogonga ukutani.

"Khalas, yamekwisha, wanangu," mama mkwe akasema taratibu. "Huyo keshakuwa ndege wa peponi, atakupokeeni mlangoni. Na mwanamke haendi makaburini. Hivyo ndivyo tulivyokuta."

"Mama," nikamwambia, "shikamoo yako nakupa kila asubuhi, na kesho utaipata. Lakini hili asinijibie mtu mwingine. Mlango wa peponi siku yake itafika. Mimi nauliza kituo cha basi."

Alirudi kwenye mchele wake, lakini nilimwona anazitupa chenga na punje nzima pamoja.

Nikamgeukia mwanawe. "Nyumba hii naifunga leo. Wewe kama hutaki, nenda kalale kwenye ile baa yako."

Akasimama. Nikajua anakwenda kukaa garini, na nikaapa moyoni kwamba safari hii nitamfuata hukohuko kwenye jua. Lakini alinipita, akaenda mpaka kwenye meza ya kompyuta, akaichukua ramani yangu. Alikuwa hajaiona bado. Aliyatazama yale mekundu yote, moja moja, na nadhani alikumbuka kila alilosema.

"Umekosea," alisema.

"Nimekosea nini?"

Akachukua penseli ya mtoto. Chini ya peupe pangu, upana wa kidole tu, akatia nukta tatu zilizopangika kwa mstari. Kila mtu wa huku anazijua. Kaburi la mwanamume mawe mawili, la mwanamke matatu, na jina haliandikwi.

"Mawe umeyapata wapi kule?"

"Niliyaokota mtoni."

"Yapo bado?"

"Niliyaacha yapo." Penseli ilikuwa bado mkononi mwake. "Yale matope ni kweli. Mtafutie mtoto buti za mpira."

Simu yenyewe ya kufunga chumba nilipiga mimi, kwa Kiingereza changu cha sekondari, mama mkwe amekaa pembeni ananisikiliza nikitaja herufi za jina la ukoo wake moja moja. Hakunizuia.

Buti hatukuzipata Ibra. Tuliingia duka baada ya duka, tukaishia Sinaw, siku ya soko, mbuzi wanapandishwa kwenye magari na vumbi limefika magotini. Duka moja la vifaa vya mashamba lilikuwa nazo, za watu wazima tu. Mwenye duka akapanda ngazi, akachakura juu ya kabati, akashuka na pea moja ndogo ya njano iliyofifia kwa kukaa. Alimtazama mtoto anavyozijaribu na kandambili zake zimewekwa pembeni, akacheka.

"Mvua iko wapi, jamaa?"

Nilifungua mdomo nijibu chochote, kwamba tunasafiri, kwamba ni za kuchezea. Mume wangu alitangulia.

"Iko kwa dada yake," alisema.