Taa Alizoniagiza Mke Wangu

Mke wangu alipoenda kufanya kazi za nyumba Uarabuni, kitu kilichonitesa zaidi kilikuwa sauti yake. Kwa simu ilikuwa inachelewa. Namuuliza amekula nini, kimya, nadhani hajasikia, naanza kuuliza tena, na papo hapo jibu lake linaingia juu ya swali langu. Tunagongana, tunanyamaza sote wawili kungojana, kisha tunaanza tena kwa pamoja. Mapumziko yake yalikuwa yanaisha hivyo, nami nabaki Kawangware na simu iliyopata moto sikioni.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Kibanda chetu kiko Laini Saba, kando ya reli, na gari langu ndilo kuukuu kuliko yote yanayoletwa pale. Kabla hajasafiri, asubuhi nyingi lilikuwa haliwaki mpaka lisukumwe. Yeye hakujua kuendesha, kwa hiyo mimi nilikaa kwenye usukani na yeye akasukuma, leso kiunoni, akinipigia kelele niachilie klachi. Majirani wa ploti tuliyopanga walikuwa wanatoka na vikombe vya chai kututazama. Nilikuwa naona aibu kweli. Alipoondoka niliitamani hata ile aibu.

Taa alizitaja mwenyewe. Siku moja aliniambia gari la matajiri wake lina taa nyembamba nyeupe mbele, zinawaka hata jua likiwa kali. Akiwa jikoni akiziona getini, anajua wenyewe wamerudi, anaanza kupakua chakula.

"Sasa na mimi unifungie kama hizo," akasema. "Siku nikirudi, nikitoka tu airport, kabla sijaona uso wa mtu, nione taa. Nijue kuna mtu amenijia."

Nilicheka. Simu ilipokatika nililia, na sioni haya kuliandika.

Nilinunua jozi moja kwa mchuuzi, nikazifunga Jumapili kibanda kikiwa hakina watu. Nilitoboa bampa, nikapitisha waya mbali na rejeta ili joto lisiziyeyushe, nikazungusha tepu taratibu kama mtu anayefunga kidonda cha mtoto. Moto wa kuziwasha niliutoa kwenye laini inayopata umeme funguo ikigeuzwa tu. Hapo mimi sina mchezo. Mteja akitaka niunganishe moja kwa moja kwenye betri, eti ni haraka, namfokea: ukizima gari taa zitabaki zikinywa betri, kesho usiniletee lawama. Nikimaliza kazi ya taa hizi lazima nichomoe funguo, nisimame mbele ya gari, nione zimezimika.

Zilipowaka nilimpigia simu ya video. Picha ikakwama uso wake ukiwa umeinama.

"Nimeziona," sauti yake ikafika kwa kuchelewa. "Zinapendeza. Lakini, Fundi, wameniomba niongeze muda."

Basi nikaendesha na taa zile kutoka Kawangware hadi Laini Saba, kwenda na kurudi, aliyeziagiza hayupo. Wateja wakazipenda, nikawafungia wengi. Mimi kila nilipoegesha kwenye ploti na kuchomoa funguo, zikazimika zote mbili kwa mpigo, moyo ulikuwa unaniuma. Nilikuwa nageuza tena funguo, nakaa humo ndani kidogo huku zikiangaza ukuta wa mabati, halafu ndipo naingia nyumbani kupika ugali ambao siku zote ulinizidi, maana mkono ulizoea kupima wa watu wawili.

Asubuhi ya siku aliyorudi, fundi mwenzangu alinikuta nimeinama chini ya boneti.

"Niaje, buda. Hiyo waya unaitoa huko unaipeleka wapi?"

"Kwa betri."

"Direct? Si wewe ndio hutukana wasee wakiomba direct?"

"Nitazima gari nikimngoja nje, funguo mfukoni. Taa lazima ziwake."

"Na hiyo betri yako ya kitambo? Itakuchoma, nakushow, gari haitawaka."

"Ni ya leo tu."

Alitingisha kichwa, lakini alivua shati lake akanisaidia kupangusa vumbi kwenye taa.

Nilifika mapema, nikapata nafasi mkabala na mlango wanakotokea abiria, nikazima injini. Taa zikabaki zinawaka. Ndege ikachelewa. Watu walikuwa wanatoka na mizigo yao, wanakumbatiwa, wanaondoka, na mimi niliogopa kwenda hata kununua maji. Hofu yangu ilikuwa moja: wamemzuia tena, na hana laini ya simu ya kuniambia. Jua lilikuwa kali, nikawa nainama mbele ya gari naweka kiganja karibu na taa nione kama mwanga bado unaigusa ngozi. Ulikuwa unafifia. Fundi yeyote angejua maana yake, na waya ilikuwa kazi ya dakika moja kuirudisha. Sikugusa kitu.

Akatoka. Alikuwa amekonda, ana begi moja, na macho yake hayakutafuta nyuso za watu, yalitafuta chini, kwenye magari. Yalipofika kwenye taa zangu yakatulia. Aliliacha begi lianguke, akafunika mdomo kwa mikono yote miwili. Mimi ndiye niliyekimbia.

Tulipoingia garini nikageuza funguo. Tik. Nikageuza tena. Tik.

"Fundi," akasema.

"Ni betri."

"Yaani muda huu wote hujawahi kununua betri ingine?"

Kabla sijajibu alikuwa ameshashuka, amevua viatu vyake vipya, amefunga mtandio kiunoni. Nikamwambia ngoja niite vijana watusukume. Akaniambia nikae kwa usukani, niache maneno.

Gari likaanza kusonga polepole.

"Achilia klachi!"

Sauti ilinifikia palepale, hakuna kimya katikati. Gari lilikuwa limeshapata kasi ya kutosha kuwaka. Nikaukandamiza mguu kwenye klachi, nikajifanya sijasikia, ili aseme tena.